Kati ya Kutazama na Kuweza

Swali: Ninaishi na binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 17. Karibu kila anachojifunza siku hizi anajifunza kwa video: hisabati, kushona, hata namna ya kupanga insha. Nikimuuliza, hujibu kwamba ameelewa, nami ninaamini anasema kweli, kwa maana namwona akitikisa kichwa mbele ya simu kama mtu anayefuata neno kwa neno. Lakini katika mtihani wa hisabati wa mwezi uliopita alishindwa na maswali ya aina ileile aliyokuwa ameyatazama, na sketi aliyoanza kuishona imekaa kitini wiki ya tatu sasa kwa sababu ya zipu. Je, video hizi zinamjengea tabia ya kujifunza au zinambomolea ile aliyokuwa nayo? Nimpunguzie saa za kutazama? Mimi mwenyewe sijui hisabati wala kushona, kwa hiyo sioni pa kumsaidia. (Shangazi)

Jibu: Dada yangu, nakushukuru kwa barua yako, na naomba tuanze na neno ambalo binti analitumia kila unapomuuliza: "nimeelewa". Hakudanganyi. Anapomtazama mwalimu akitatua mlinganyo hatua kwa hatua, kila hatua inamwingia akilini, hakuna inayomkwaza, na mwisho wa video anabaki na utulivu ule anaoupata mtu aliyesimuliwa hadithi nzuri hadi mwisho. Tatizo ni kwamba kufuata anachofanya mwingine ni kazi moja, na kukifanya mwenyewe karatasi ikiwa tupu ni kazi nyingine, nayo video huitimiza ile ya kwanza kwa utamu mkubwa kiasi kwamba ya pili huonekana kana kwamba imekwisha kufanyika pamoja nayo. Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza, jibu langu ni kwamba video zinamjengea tabia, tena tabia yenye nguvu. Sehemu yake ni njema na nisingependa aipoteze, na sehemu iliyo mbaya haitokani na wingi wa saa anazotazama, inatokana na kile kinachotokea, au kisichotokea, baada ya video kusimama.

Nitaanza na wema wake, kwa sababu sisi watu wazima huwa na haraka ya kuupita. Mwaka 2004 Salman Khan, mwalimu wa masomo ya mtandaoni na si yule mwigizaji wa India, ambaye wakati huo kazi yake ilikuwa ya mambo ya fedha nchini Marekani, alianza kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali. Baadaye ndugu wengine wakaongezeka, na mwaka 2006 akaanza kuyaweka masomo yake YouTube ili wayarudie kwa nafasi zao. Amesimulia mwenyewe kwamba ndugu hao walimwambia wanampenda zaidi akiwa ndani ya video kuliko akiwa nao ana kwa ana. Tunaweza kucheka, lakini ndani ya kauli hiyo kuna ukweli ambao mwalimu yeyote angepaswa kuutafakari. Mwanafunzi aliyekaa mbele ya mwalimu hawezi kumwomba arudie maneno yaleyale mara ya saba bila kuona haya, wala hawezi kumkatiza katikati ya sentensi akafungue kwanza daftari la mwaka jana kukumbuka sehemu zilijumlishwaje. Video haichoki, haikunji uso, haimwambii mtu kwamba jambo hili ulipaswa kulijua tangu zamani. Kwa kijana mwenye aibu, na wengi wa umri huo wana aibu hata kama hawaionyeshi, hilo si jambo dogo.

Kuna na jambo la pili. Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wazima wa Marekani wanaotumia YouTube, na asilimia 51 kati yao walisema kwamba mtandao huo ni muhimu sana kwao wanapotaka kujua namna ya kufanya jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Kijana aliyekulia katika hali hiyo ana imani ambayo wengi wa rika letu hatukuwa nayo, kwamba ufundi haukufungiwa chumbani kwa fundi, kwamba hahitaji kupokelewa na mtu kuwa mwanagenzi ndipo aone jinsi kitu kinavyotengenezwa. Binti wa kaka yako alikata kitambaa cha sketi bila kumsubiri mtu wa kumfundisha. Ujasiri huo ameutoa katika video, na ni mali yake. Hata sketi ikiharibika, ujasiri unabaki.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Julius Yego, mrusha mkuki wa Kenya, ambaye alijifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama YouTube mirusho ya mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mrusho wa mita 92.72. Watu humsimulia kana kwamba simu ilimpa medali. Wanasahau mambo mawili. La kwanza, kati ya video moja na nyingine palikuwa na uwanja, mkuki na bega lenye maumivu. Alitazama ili akarushe, akarusha ili aone nini cha kutazama tena. La pili, kabla ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 alipata nafasi ya kwenda Finland kufanya mazoezi chini ya kocha, kwa sababu ipo mipaka ambayo picha haivuki: video inaweza kukuonyesha mkono wa Železný, lakini haiwezi kukuona wewe.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonirudisha kwenye sketi iliyo kitini. Hukunieleza zipu imemkwamisha wapi, lakini nitakisia, kwa sababu mahali penyewe hujulikana. Katika video, fundi hufunga kwanza ule mshono kwa nyuzi ndefu za muda, akaupiga pasi ukafunguka, akalaza zipu kifudifudi juu yake, akaibana kwa pini, kisha akashusha sindano na kuanza kushona pembeni mwa meno ya zipu. Mshono unakwenda kama umechorwa kwa rula. Halafu picha inakatika kidogo, na tunapoiona tena, fundi amekwisha kupita kile kichwa cha zipu kinachopanda na kushuka, anaendelea chini. Ule mkato wa sekunde mbili ndimo kazi yote ilimo. Kichwa cha zipu ni kinene. Kile kiguu cha chuma cha cherehani kinachokandamiza kitambaa hakiwezi kupita kando yake bila kusukumwa, na anayeshona kwa mara ya kwanza huona mshono wake ukipinda ghafla kama mto uliokutana na jiwe. Inabidi kusimama kabla ya kufika, kuiacha sindano imezama ndani ya kitambaa ili kisiteleze, kuinua kiguu, kusukuma kichwa cha zipu kikapita nyuma, kushusha tena kiguu na kuendelea. Fundi hakulificha hilo kwa hila. Mikono yake hulifanya bila yeye kufikiri, na aliyeikata video aliona ni kupoteza muda wa watazamaji.

Binti anaweza kuitazama video hiyo mara thelathini na bado zipu yake ikapinda, na kila mara ya kutazama itamfanya aamini zaidi kwamba sasa anaweza. Sikisii hapa. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio juu ya jambo hili hasa. Waliwaonyesha watu video fupi za ustadi mbalimbali, kama vile kuvuta kitambaa cha meza vyombo vikabaki mahali pake, kutupa vishale kwenye shabaha na kucheza ule mtindo wa kuteleza kinyumenyume alioupa umaarufu Michael Jackson. Wengine walitazama mara moja, wengine mara 20. Waliotazama mara nyingi walikuwa na imani kubwa zaidi kwamba wao pia wangeweza, lakini walipopewa vishale na kuambiwa watupe, hawakuwashinda wale waliotazama mara moja. Kilichonivutia zaidi ni jaribio lao la kurusha na kudaka vigongo vingi kwa zamu: watu waliopewa vigongo wavishike tu mkononi baada ya kutazama, hata bila kuvirusha, walipunguza mara moja makadirio ya uwezo wao. Uzito wa kitu mkononi uliwaambia kile ambacho macho hayakuwaambia. Ukiikumbuka hiyo, utaona kwa nini ninasisitiza hapa chini kwamba kitambaa kiwe mapajani kabla video haijaanza.

Hisabati haina uzito wa kushika mkononi, na kwa hiyo hadaa yake ni kali zaidi. Chukua mada ya kukamilisha mraba, ambayo bila shaka ameikuta. Mwalimu wa video anaandika x² + 6x + 5 = 0. Anaihamisha 5 ng'ambo ya pili, inakuwa x² + 6x = −5. Anasema, "Sasa tunaongeza 9 pande zote mbili," na anaandika x² + 6x + 9 = 4, kisha (x + 3)² = 4, na kutoka hapo majibu yanajitokeza yenyewe, −1 na −5. Binti anatikisa kichwa, nawe unamwona. Kila mstari umezaliwa na ule ulioutangulia. Lakini simamisha video kabla ya ile 9 na umuulize itatoka wapi, na huenda ukimya ukawa mrefu. Mwalimu alisema, labda kwa sentensi moja, kwamba tunachukua nusu ya 6, ambayo ni 3, na kuizidisha kwa yenyewe. Sentensi hiyo ilipita kama abiria katika basi lililojaa. Siku ya mtihani swali linakuja limevaa nguo nyingine, 2x² + 12x + 10 = 0, naye anachukua nusu ya 12, ambayo ni 6, anaizidisha kwa yenyewe, anapata 36, anaiongeza pande zote mbili na kuzama. Ni swali lilelile kabisa. Ukigawanya kote kwa 2 unarudi pale pale. Lakini katika video kizigeu cha x², yaani ile namba inayokaa mbele yake, kilikuwa 1, kikanyamaza, na yeye hakupata kamwe sababu ya kujiuliza kama kipo.

Alichokosa hapo hakikuwa maelezo, kwa kuwa maelezo alikuwa nayo. Alikosa kuyatoa kichwani mwake mwenyewe pasipo mtu wa kumtangulia. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006 kwa njia rahisi: kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari mara nne, kundi jingine lilikisoma mara moja na kisha likajaribu mara tatu kukiandika kwa kumbukumbu bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja hali iligeuka: wao walikumbuka takriban asilimia 40, na wale waliojilazimisha kukumbuka takriban asilimia 61. Ukimuuliza kijana dakika tano baada ya video kama ameelewa, unampima kwa saa inayompendelea. Mtihani hupima kwa saa ya wiki ijayo.

Hutamshawishi kwa hoja peke yake, hata ukimsomea takwimu hizo, kwa sababu hisia zake zitamwambia kinyume. Watafiti wa Harvard, wakiongozwa na Louis Deslauriers, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya wanafunzi wa fizikia ambao baadhi walisikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha na wengine wakafundishwa mambo yaleyale kwa kuhangaika na maswali wenyewe. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi katika jaribio, na hao hao ndio walioona kwamba wamejifunza kidogo zaidi. Kuhangaika kunauma, na maumivu hayo kijana huyasoma kama dalili ya kutojua. Video nzuri haina maumivu. Kwa hiyo, kijana aachwapo achague mwenyewe, atachagua ile njia ambayo moyo wake unamhakikishia kuwa inafaa, na moyo umekosea kipimo.

Sasa nifike kwenye tabia yenyewe, maana ndiyo uliyoniuliza, na hapa nitasema ninavyoona mimi baada ya miaka mingi ya kukaa na vijana wakijifunza. Mabadiliko makubwa yaliyoletwa na video hayako katika namna kijana anavyopata maarifa. Yako katika anachofanya anapokwama. Zamani aliyekwama alikaa na mkwamo wake kwa muda, apende asipende: hadi kesho yake shuleni, hadi jirani anayejua arudi kutoka kazini, hadi kitabu kipatikane. Katika muda huo kichwa kiliendelea kufanya kazi, mara nyingi bila mwenyewe kutaka; alilichora tatizo upya, alijaribu namba ndogo, alifumua mshono na kuutazama ulipindia wapi. Leo muda huo umefupishwa ukawa sekunde kumi. Akikwama, anaandika maneno mawili matatu, na mbele yake kuna watu ishirini walio tayari kumwonyesha. Anamwacha mwalimu huyu, anahamia kwa yule. Na kwa kuwa karibu kila video imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hajui chochote, kila anayehamia kwake anaanza tena mwanzo, akimweleza mlinganyo ni nini, cherehani ni nini, na binti anazidi kuwa bingwa wa mianzo. Nimekutana na kijana aliyeijua kwa ufasaha wote somo la kwanza la programu za kompyuta katika lugha tano, na hajawahi kuandika programu yake mwenyewe ya mistari hamsini. Hakuwa mvivu hata kidogo, alikuwa akikesha.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na naweza kuwasikia vijana wakijibu kwamba siku hizi kuna tochi. Ni kweli, tochi ipo, na ni nzuri. Lakini kuvumilia kukwama kwa dakika ishirini ni ustadi kama ustadi mwingine, unaotiwa nguvu kwa kutumiwa na unaonywea kwa kuachwa, na ndio ustadi ambao hakuna video inayoweza kuutoa, kwa sababu video ipo ili kuumaliza mkwamo. Hili ndilo ninaloliogopa kwa kizazi cha binti huyu kuliko macho yao kuchoka kwa mwanga wa simu.

Mambo mengine yanayosemwa sana nitayapita haraka. Watu hulalamika kwamba vijana hawavumilii video ndefu. Philip Guo na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika masomo ya mtandao wa edX, na wakaona kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati ambao watu waliitazama haukuzidi dakika sita. Hao hawakuwa watoto, walikuwa wanafunzi waliojiandikisha kwa hiari yao. Mimi silioni jambo hilo kuwa kasoro; maelezo ya dakika sita yanayofuatwa na kazi ya dakika thelathini ni mpango mzuri. Kasoro ni dakika sita zinazofuatwa na dakika sita nyingine. Kuhusu kuongeza kasi ya video, ambako huwatia hofu wazazi wanaposikia mwalimu akizungumza kama amefukuzwa, utafiti wa Dillon Murphy na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulionyesha kwamba uelewa wa mhadhara haukushuka sana hadi mara mbili ya kasi ya kawaida, na ukashuka walipopita hapo. Usigombane naye juu ya hilo.

Jambo moja dogo, hata hivyo, linafaa kuangaliwa katika kushona: video imepigwa kutoka upande gani. Mimi nilijifunza kufunga tai kwa video nikiwa mtu mzima, na mwalimu alikuwa akinitazama uso kwa uso, mkono wake wa kulia ukiwa upande wangu wa kushoto. Nilisimama mbele ya kioo nusu saa nzima nikifunga kitu kilichofanana zaidi na kitanzi. Baadaye niliipata video iliyopigwa kutoka juu ya bega la mfungaji, na shughuli ikaisha. Utafiti wa mwaka 2017 wa Logan Fiorella na wenzake uliona jambo hilohilo kwa watu waliojifunza kuunganisha vipande vya sakiti ya umeme: waliotazama kwa jicho la mtendaji walifanya vizuri zaidi kuliko waliotazama kutoka mbele. Mwambie binti achague video ambazo mikono inayoonekana ingeweza kuwa yake.

Umeniuliza kama umpunguzie saa. Nakushauri usifanye hivyo, angalau usianze na hilo, kwa sababu utakuwa umempunguzia na kile kilicho chema, na yeye atakusikia ukisema kwamba kujifunza kwake ni mchezo. Badala yake, jaribu kumbadilishia mpangilio. Sasa hivi anatazama kwanza, halafu, kama muda upo, anajaribu. Mwombe ajaribu kwanza. Achukue swali ambalo hajalionyeshwa, simu ikiwa chumba kingine, na ahangaike nalo kwa dakika kumi na tano. Aandike kwenye karatasi mahali hasa alipokwama, kwa sentensi kamili. Sentensi kama "sielewi milinganyo" haifai kitu. "Sijui namba ya kuongeza pande zote mbili inatoka wapi" ni lulu. Hapo ndipo simu ije, na utashangaa jinsi atakavyotazama kwa namna nyingine: ataruka dakika tatu za mwanzo, atafika pale mwalimu anapoitaja nusu ya 6, atarudisha nyuma, atasimamisha. Atakuwa anatafuta kitu.

Wakati wa kutazama, asimamishe video kabla ya kila hatua kubwa na aandike anachodhani kitafuata. Karl Szpunar na wenzake mwaka 2013 waliigawa video ya somo la takwimu ya dakika 21 katika vipande vinne. Wanafunzi walioulizwa maswali mwishoni mwa kila kipande walitangatanga kimawazo kidogo zaidi, waliandika maelezo mengi zaidi na walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho kuliko wale ambao hawakuulizwa. Hakuna wa kumuuliza binti nyumbani, lakini kidole juu ya kitufe cha kusimamisha kinaweza kuifanya kazi hiyo. Kisha aifunge video na alitatue swali lilelile kutoka mwanzo. Hapa vijana wengi hukataa, wakisema kwamba swali hilo tayari wamelimaliza. Hawajalimaliza, aliyelimaliza ni mwalimu. Na siku mbili baadaye alitatue tena, safari hii namba zikiwa zimebadilishwa, kizigeu cha x² kikiwa 2 au 3.

Kwa zipu, mwambie aiache sketi kwanza. Achukue vipande viwili vya kitambaa kilichobaki alipokata na zipu yoyote ya zamani, avishone, afumue, avishone tena. Aitazame video mara moja tu hadi mwisho, kitambaa kikiwa mapajani na zipu mkononi, halafu simu ifunikwe. Mshono wa kwanza utapinda kwenye kichwa cha zipu, na hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu sasa ana swali, na akirudi kwenye video ataiona ile picha iliyokatika na kujiuliza fundi alifanya nini hapo katikati. Akishindwa kabisa, huo ndio wakati wa kumtafuta binadamu: fundi yeyote anayeweza kukaa kando yake dakika kumi na kuitazama mikono yake. Dakika kumi hizo, kwa mtu aliyekwisha kukosea mara tatu, zina thamani kuliko saa kumi za video, na wala hazipingani nazo, kwa maana bila video asingefika hata mahali pa kuuliza.

Umeandika kwamba hujui hisabati wala kushona, na kwamba kwa hiyo huoni pa kumsaidia. Kwa kazi hii, kutojua kwako ndiko kunakofaa. Mwalimu wake anajua tayari, na kila binti anapotoa maelezo nusu, mwalimu huyajaza yeye nusu iliyobaki bila kukusudia. Wewe hutaweza. Siku atakapokuambia ameelewa, kaa naye mezani bila simu, mpe karatasi na umwombe akufundishe, na kila anapoandika namba mpya muulize imetoka wapi, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Atakapoandika ile 9, nyamaza umtazame. Akikueleza kwa maneno yake mwenyewe hadi ukaiona, basi ameelewa. Akisema tu kwamba ndivyo inavyofanywa, mrudishie simu yake, na sasa nyote wawili mtajua ni dakika gani ya video anayokwenda kuitafuta.